Kupiga picha nyotamkia na kuisoma mikia yake: mwongozo kutoka ufukwe wa Musoma

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikionyesha picha zangu za nyotamkia ni hili: "Ilikuwa inakimbilia wapi?" Kabla sijajibu, mwenye kuuliza ameshajijibu. Anautazama mkia kama anavyotazama vumbi la basi kwenye barabara ya changarawe: kichwa kiko mbele, vumbi linabaki nyuma. Lakini ile niliyoipiga picha hapa Musoma mwezi Oktoba 2024 ilikuwa inakwenda upande uleule ulikoelekea mkia wake. Mkia ulitangulia, kichwa kikafuata.

Mkia wa nyotamkia haufuati mwendo, unalikimbia jua. Mjerumani Peter Apian aliliona hilo mwaka 1531 na kulichora, na Wachina walikuwa wamekwisha kuliandika tangu karne ya 9. Ninalianza nalo kwa sababu kwa mpiga picha lina kazi: ukijua jua liko wapi chini ya upeo wa macho, unajua mkia utaelekea wapi, basi unajua ushike kamera wima au kwa ulalo, na nafasi tupu uiache upande gani. Ukijua mkia umetengenezwa na nini, unajua uende usiku upi na lenzi ipi. Ndiyo maana nitazungumza habari za mikia kabla ya kamera. Mimi riziki yangu ni picha za harusi na mahafali, na kamera niliyotumia ni hiyohiyo ya harusi. Hakuna kifaa cha ajabu humu.

Unachokipiga ni nini

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Kimondo ni kile kinachopita angani kwa sekunde moja au mbili na kuzimika. Ni kipande cha jiwe au vumbi kinachoungua kwenye hewa yetu. Kikiwa kikubwa hufika chini, kama Kimondo cha Mbozi kule Songwe. Nyotamkia, ambayo wengine huiita kometi, iko mbali mamilioni ya kilomita. Ukiitazama haiendi popote. Inachwa na kuchomoza pamoja na nyota, na kesho yake unaikuta imesogea kidogo. Unaweza kuonana nayo wiki nzima.

Katikati kuna kiini: bonge la barafu, vumbi na mawe lenye upana wa kilomita chache tu. Chombo cha anga za juu cha Ulaya kinachoitwa Rosetta kilipolifikia bonge la nyotamkia iitwayo 67P mwezi Agosti 2014 kilikuta kitu cha kilomita 4 hivi, cheusi kama mkaa. Kiini hicho hutakiona pichani hata siku moja. Unachokiona ni kinachotoka humo. Jua likilipasha bonge, barafu inageuka gesi moja kwa moja bila kupitia maji, na gesi ikitoka inabeba vumbi. Ukungu huo unalizunguka bonge kwa maelfu ya kilomita, wakati mwingine kupita kilomita 100,000, nao ndio tunaouita kichwa.

Kichwa mara nyingi kina rangi ya kijani kwenye picha. Kijani hicho kinatokana na molekuli za kaboni mbili zilizoshikana, ambazo zinang'aa zikipigwa na mwanga wa jua na kisha zinavunjwa na mwanga huohuo kabla hazijafika mbali. Kwa hiyo kijani hubaki kichwani. Ukiona picha yenye mkia wa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, aliyeichakata amezidisha mkono.

Kutoka kichwani inatoka mikia miwili, na kila mmoja una tabia yake.

Mkia wa vumbi ndio unaoonwa na wengi. Ni mpana, umepinda kama upanga, rangi yake ni nyeupe inayoelekea manjano, kwa kuwa vumbi halina mwanga wake. Linaakisi wa jua tu. Mwanga wenyewe unalisukuma vumbi hilo. Msukumo ni mdogo sana, lakini chembe nazo ni ndogo kuliko unga wa sembe, na angani hakuna hewa ya kuzizuia. Chembe laini husukumwa mbali, nzito hubaki nyuma karibu na njia ya bonge, na kila moja inazunguka jua kwa mwendo wake. Ndiyo sababu mkia unapinda na kutanuka kama upepeo.

Mkia wa gesi ni mwembamba, umenyooka kama uzi wa fundi, rangi yake buluu. Gesi ikipigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua hupoteza elektroni na kuwa na chaji, na hapo inanaswa na upepo wa jua, mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka kwenye jua bila kukoma kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, Musoma hadi Dar es Salaam ni kama sekunde mbili. Buluu hutoka hasa kwenye monoksidi ya kaboni iliyopata chaji. Na mkia huu ndio ulioufichua upepo wa jua: mwaka 1951 mwanaastronomia Ludwig Biermann, kwa kuitazama tu mikia ya gesi, alisema lazima kuna kitu kinatiririka kutoka kwenye jua saa zote. Wakati huo hakuna chombo kilichokuwa kimeruka kwenda kupima. Mimi napenda sana habari hiyo. Mtu alisoma upepo kwa kutazama bendera.

Bendera hiyo hukatika pia. Tarehe 20 Aprili 2007 mlipuko wa jua uliupiga mkia wa nyotamkia Encke ukanyofoka wote, na chombo cha Marekani kiitwacho STEREO kikaupiga picha ukielea peke yake, huku mpya ukiota. Mafundo na mikunjo midogo hutokea mara kwa mara, nayo hubadilika ndani ya saa chache. Kumbuka hili tutakapofika kwenye kupanga muda wa picha.

Kujua ipo na utaitafutia wapi

Majina yanatisha lakini yanasomeka. Ile ya 2024 iliitwa C/2023 A3. Herufi C ni kwamba si ya kurudi kila baada ya miaka michache. 2023 ni mwaka wa kugunduliwa. A ni nusu ya kwanza ya Januari. 3 ni ya tatu katika nusu hiyo. Jina lake la pili ni Tsuchinshan–ATLAS, kwa kuwa ilionwa kwanza na kituo cha China tarehe 9 Januari, kisha tarehe 22 Februari ikaonwa na darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini.

Kwa kuitafuta angani natumia programu ya Stellarium, kwenye simu au kompyuta. Andika jina la nyotamkia, weka mahali ulipo, peleka saa mbele hadi baada ya machweo, nayo itakuonyesha. Usiishie kuangalia itakuwa wapi. Angalia na jua litakuwa wapi chini ya ardhi, kisha vuta mstari wa kufikirika kutoka kwenye jua kupita kichwani. Mstari huo ukiendelea ndio njia ya mkia wa gesi, na wa vumbi utakuwa karibu nao ukipinda upande mmoja.

Hapa sisi wa karibu na ikweta tumependelewa. Ulaya jua huzama kwa mshazari na utusitusi unajivuta. Kwetu linazama wima, nyuzi 15 kila saa, na baada ya dakika 70 au 75 giza ni kamili. Nyotamkia zinazong'aa sana ni zile zilizo karibu na jua, kwa hiyo kila dakika ya giza la mapema ni faida. Na kwa kuwa jua liko chini moja kwa moja, mkia mara nyingi unasimama juu ya upeo kama moshi wa jiko siku isiyo na upepo. Kwa hiyo kamera huwa naishika wima.

Kupima angani tumia mkono ulionyooshwa: ngumi ni nyuzi 10, shibiri ni kama 20, kidole cha mwisho ni nyuzi 1.

Usiamini sana utabiri wa mng'ao. Nyotamkia zinavunjika, zinachelewa, zinashangaza. Nenda ukaangalie kwa macho.

Mahali, mwezi na wavuvi

Nyotamkia ya alfajiri inataka mashariki iliyo wazi, na ya jioni inataka magharibi. Linaonekana jambo dogo mpaka ufike mahali ukakuta mlima. Pwani yote ya Tanzania na Kenya inatazama Bahari ya Hindi, kwa hiyo Paje, Bagamoyo au Malindi ni mahali pa alfajiri. Kwa jioni tafuta maji yaliyo magharibi kwako: Musoma na Kisumu kwa Ziwa Viktoria, Kigoma kwa Tanganyika ingawa milima ya Kongo itakula kipande cha chini, Loiyangalani kwa Turkana. Aliye Bukoba ana ziwa hilohilo letu, ila upande wake ni wa alfajiri. Tsuchinshan–ATLAS ilionekana kwanza alfajiri mwishoni mwa Septemba 2024, ikapotea kwenye mwanga wa jua, kisha ikarudi jioni kuanzia tarehe 11 au 12 Oktoba. Mtu wa Bukoba na mtu wa Musoma wangeweza kupeana zamu.

Mwezi ndio adui wa mkia wa gesi. Mkia wa vumbi ukiwa na nguvu unaweza kupigwa picha hata kukiwa na mbalamwezi. Uzi wa buluu hauvumilii. Mwaka ule mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17 Oktoba, katikati kabisa ya siku nzuri. Ilinibidi nigawe kazi: tarehe 12 hadi 15 kwa mkia wa vumbi kwenye utusitusi, halafu kusubiri hadi tarehe 20, mwezi ulipokuwa unachelewa kuchomoza na kuniachia zaidi ya saa nzima ya giza.

Lakini giza la mwezi kwetu lina watu wake. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku usio na mwezi, na taa zao hupanga mstari kwenye upeo kama mji mzima. Mara ya kwanza zilinisumbua. Sasa nazitumia: panda mwamba au kilima kidogo, weka taa zile chini kabisa ya fremu, na uache anga ichukue sehemu tisa kwa kumi. Zikiwa kali mno, piga picha moja ya muda mfupi kwa ajili ya maji na taa, na nyingine za muda mrefu kwa ajili ya anga.

Mambo ya usalama sitayafupisha. Ufukweni usiku viboko hutoka kula majani, na kiboko akikukuta kati yake na maji hakupi nafasi ya kuomba radhi. Simama kwenye mwamba, si kwenye nyasi. Usiende peke yako. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa mchana, mwonyeshe kamera na umweleze unachokuja kupiga. Mtu mwenye stendi gizani kando ya ziwa anatia watu wasiwasi, na wana haki. Kaa mbali na bandari, madaraja na kambi.

Vifaa

Kamera yoyote inayokuruhusu kuweka mwenyewe muda wa shata, tundu la lenzi na ISO (kiasi ambacho kamera inahisi mwanga). Stendi imara ya miguu mitatu; ikiwa nyepesi ning'iniza mfuko wa mawe katikati. Lenzi inayofungua hadi f/2.8 au zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile ya mm 50 ya f/1.8, ambayo wapiga picha wengi mtaani wanayo, ni nzuri sana kwa kazi hii. Betri mbili. Tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu, au funga karatasi nyekundu kwenye ya kawaida. Selotepu. Kitambaa kikavu cha kufutia umande. Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 ukiweza kuazima, kwa sababu ndiyo itakayokionyesha kichwa dakika 20 kabla macho hayajakiona. Usiitumie mpaka jua lizame lote, na kwa alfajiri iweke chini kabla jua halijachomoza. Jua ndani ya darubini linapofusha mara moja.

Kifaa cha kufuata nyota sikishauri kwetu. Kinahitaji kulenga ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na hapa Musoma ncha ya kusini iko kama digrii moja na nusu tu juu ya ardhi, nyuma ya miti na vumbi. Vichwa vingi vya stendi havishuki hata kufika hapo. Picha nyingi za muda mfupi zilizorundikwa pamoja zitakupa karibu kilekile.

Jioni yenyewe

Nitakupitisha kwenye jioni ya tarehe 14 Oktoba, kwa saa zake.

Jua lilizama saa 12 na nusu na dakika chache. Nilikuwa nimefika saa 11 na nusu ili nione mahali halisi linapozamia, nikalinganisha na mti mmoja ng'ambo. Alama hiyo ndiyo iliyoniambia jua liko wapi baada ya kuzama: chini ya mti ule, ngumi moja na nusu kwa kila saa inayopita.

Kwanza fokasi. Hapa ndipo picha nyingi zinapokufa. Zima fokasi ya kamera yenyewe, weka ya mkono. Lenga nyota au sayari inayong'aa. Jioni ile Zuhura ilikuwa kushoto, juu kidogo ya ilipokuwa nyotamkia. Ikuze kwenye kioo cha nyuma hadi mwisho, zungusha pete taratibu hadi iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha bandika selotepu juu ya pete. Alama ya mwisho ya umbali iliyochorwa kwenye lenzi usiiamini. Tarehe 12 niliiamini, na nikarudi nyumbani na picha 80 za ukungu. Usiku ule wa kwanza haurudi.

Pili, zima kila kinachotikisa na kinachojifanya kina akili: kizuia mtikisiko cha lenzi kikiwa kwenye stendi, na kupunguza chengachenga (vidoa vidogo vinavyojitokeza kwenye picha za gizani) kwa picha ndefu, ambako kunaifanya kamera ikae kimya muda uleule wa picha iliyopita. Weka faili ziwe RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Rangi ya mwanga weka ya mchana, au namba kati ya 4000 na 5000, na usiibadilishe usiku kucha. Taima ya sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise.

Tatu, muda wa shata. Utasikia watu wakisema gawanya 500 kwa namba ya mm ya lenzi upate sekunde kabla nyota hazijawa mistari. Kwetu gawanya 300. Nyota zinazochwa magharibi au kuchomoza mashariki kwenye ikweta ziko kwenye mkanda unaokwenda haraka kuliko yote angani, na 500 itakupa vijistari. Kwa lenzi ya mm 50 kwenye kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kibao cha ndani kinachopokea mwanga) ni sekunde 6. Kwa mm 24 ni 12. Kwa mm 135 ni 2. Ikiwa sensa ya kamera yako ni ndogo, gawanya 200.

Nne, anza mapema. Dakika 35 hivi baada ya machweo, huku anga bado ni ya rangi ya samli chini na buluu juu, nilianza na ISO 400, f/2.8, sekunde 1. Kila dakika tano nilitazama picha na kuongeza. Giza lilipokamilika nilikuwa kwenye ISO 1600, f/2.2, sekunde 6. Usiogope picha kuwa na mwanga mwingi wakati wa utusitusi. Ogope kichwa kuungua kikawa kiraka cheupe. Kikianza kuungua, punguza.

Tano, kutunga. Kichwa kiweke theluthi ya chini, juu acha wazi. Macho yatakwambia mkia ni ngumi moja; kamera itakuonyesha shibiri nzima. Wengi huukata kwa kuwa walilenga walichokiona. Mimi hupiga picha moja ya majaribio kwa ISO kubwa kabisa, hata ikiwa chafu, ili nijue mkia unaishia wapi, halafu nasogeza kamera.

Sita, piga nyingi. Usiridhike na moja nzuri. Piga 40 au 60 mfululizo bila kugusa kitu, kisha funika lenzi na upige 15 za giza tupu kwa mipangilio ileile. Zitatumika kuondoa madoa ya sensa. Rudia mfululizo huo baada ya nusu saa au saa nzima ikiwa nyotamkia bado iko juu. Mkia wa gesi ukiwa umekunjika au umekatika, tofauti kati ya mifululizo miwili itaonyesha.

Mistari utakayoikuta kwenye picha ni ndege na satelaiti, nyingi mno saa ya jioni. Usizifute picha hizo. Kwenye kurundika zitajifuta. Na wingu jembamba linaloachwa na ndege, likipigwa na jua la chini, linafanana na nyotamkia hata mzoefu akadanganyika. Subiri dakika tatu. Wingu la ndege linasogea na kutawanyika.

Ukiwa na simu tu

Inawezekana, na jioni ile vijana wawili waliokuwa nami walipata. Tumia kamera kuu ya simu, si ile ya kuvuta mbali. Ingia kwenye hali ya Pro, weka sekunde 8 hadi 10, ISO 800 au 1600, fokasi kwenye alama ya mlima, taima sekunde 3, na uhifadhi RAW kama simu inaruhusu. Isipokuwa na Pro, hali ya usiku itafanya kazi mradi simu haishikwi. Stendi ya simu ni nafuu. Ukikosa, jaza mchanga kwenye soksi, egemeza simu juu yake kwenye jiwe. Utapata mkia wa vumbi na kichwa. Mkia wa gesi usiutafute kwa simu.

Kwenye kompyuta

Siril ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Sequator, ya Windows, ni rahisi zaidi kwa mwanzo. Kurundika maana yake programu inazipanga picha 60 juu ya nyingine na kuchukua wastani; picha 16 zinapunguza chengachenga mara 4, na 64 mara 8. Ndiyo maana sekunde 6 zilizorudiwa zinashinda sekunde 30 zenye mistari.

Ugumu ni kwamba nyotamkia inasogea kati ya nyota. Kwa mm 50 na dakika tano au sita za picha hutaona tofauti. Panga kwa nyota, basi. Kwa mm 135 au 200 ukipanga kwa nyota kichwa kinavutika, na ukipanga kwa kichwa nyota zinakuwa mistari. Fanya zote mbili, kwa kuwa Siril ina hatua maalumu ya kuonyeshwa kichwa kwenye picha ya kwanza na ya mwisho. Kisha chagua. Mimi huionyesha ile yenye nyota za mistari, kwa sababu haifichi kwamba kitu kile kilikuwa safarini.

Katika kung'arisha, kuwa mpole. Mkia wa gesi ni hafifu kiasi kwamba programu za kusafisha chengachenga huuona kuwa uchafu na kuufuta. Vivyo hivyo zana ya kusawazisha anga: ukiiweka alama juu ya mkia itaula. Ziweke alama mbali na mstari uliouvuta kutoka kwenye jua. Na usichore wala kuongeza kitu kwa brashi. Picha ya nyotamkia ni kumbukumbu ya jambo lililotokea saa fulani, na watu wa kawaida wamefanya kazi kubwa kwa picha za namna hii. Terry Lovejoy wa Australia aligundua nyotamkia mwaka 2007 kwa kamera ya kawaida ya dijiti.

Kuisoma picha

Chapisha picha, au ifungue kubwa, na uweke alama mahali jua lilipokuwa chini ya ukingo. Weka rula kutoka hapo kupita kichwani. Kinachofuata rula na kuwa na buluu ni gesi. Kinachoachana nayo na kupinda ni vumbi, na upande kinaopindia ndio upande ambako nyotamkia ilipita. Kwenye mkia wa vumbi tafuta michirizi. Kwenye wa gesi tafuta fundo, na upime limehama kiasi gani kati ya mfululizo wa kwanza na wa pili.

Halafu tazama upande wa pili wa kichwa, ule unaolielekea jua, ambako kwa yote niliyosema hapo juu hapapaswi kuwa na kitu. Kwenye picha zangu za tarehe 14 kuna mwiba mwembamba unaotoka kichwani kwenda chini, moja kwa moja kuelekea majini. Nilidhani ni kasoro ya lenzi. Nilikagua picha zote, upo kwenye zote. Ule ni mkia wa kinyume. Vumbi zito halisukumwi mbali. Linabaki limetandazwa bapa kwenye njia ya nyotamkia, jembamba kama chapati. Ukiitazama chapati kutoka juu huoni unene wake, lakini ukiitazama kwa ubavu unaona mstari. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2024 dunia yetu ilikuwa inapita kwenye usawa wa chapati hiyo, tukaiona kwa ubavu, na sehemu yake iliyobaki nyuma ikaonekana kana kwamba inaelekea kwenye jua. Haikuwa imekaidi jua. Ni sisi tulisimama mahali pake pa pekee kwa siku mbili tatu.

Tarehe 20 nilirudi kwenye mwamba uleule. Mng'ao ulikuwa umepungua sana, kichwa kilikuwa kama ngumi tatu juu ya maji, taa za dagaa zimejipanga chini, mwezi bado haujatoka. Mkia wa juu ulikuwepo, mrefu na hafifu. Nilikuza upande wa chini wa kichwa kwenye kila picha. Mwiba ulikuwa umekwisha.